Kangaga la mikokoni: vumbi la kahawia chini ya majani, ni ugonjwa?

Mama Shwari
Wakuu, naomba msaada kabla sijashika mkasi. Nina kangaga la mikokoni (Acrostichum aureum) sebuleni, kwenye chungu kikubwa dirishani. Majani mawili yaliyotoka karibuni ni marefu kuliko yote na yamesimama wima. Vijani vyake vya juu, upande wa chini, vimefunikwa kabisa na kitu cha kahawia chekundu, laini kama mahameli. Nikigusa, vumbi linabaki kidoleni. Vijani vya chini vya jani hilohilo ni safi. Jirani anasema ni kutu, nipulize dawa ya ukungu. Halafu majani ya zamani yanakauka kingo. Chungu kiko ndani ya beseni la maji muda wote. Je, nimelizamisha? Na ni kweli linataka chumvi?

Kinamasi
Chunguza kama ni wadudu magamba. Kwangu waliwahi kuvamia kangaga jingine, jani zima likawa linanata.

Babu wa Vyungu
Binti yangu, weka mkasi chini na dawa usiiguse. Hizo ni spora. Kangaga halina ua wala mbegu, huzaliana kwa vumbi hilo. Makangaga mengi hupanga spora zake kwa vidoti au mistari chini ya jani, lakini la mikokoni hutandaza eneo zima, na kwa kawaida kwenye vijani vya juu tu. Ndiyo maana wengi hudhani ni kutu. Umelitunza vizuri mpaka limekomaa, na mimi nimefurahi sana kusoma habari hii.

Kinamasi kauliza jambo la maana. Wadudu magamba hukaa ovyoovyo, hata kwenye vikonyo, na huacha utomvu unaonata. Wewe umeeleza vumbi kavu, mahali pamoja, mpaka wake umenyooka. Hakuna mdudu anayejipanga hivyo.

Chumvi usitie hata punje. Mmea huu huvumilia maji ya chumvi, hauyahitaji. Hukaa mikokoni kwa sababu mimea mingi hushindwa kuishi pale, lakini kwenye maji yasiyo na chumvi hustawi vizuri zaidi, na hata spora zake huota vizuri humo.

Sasa kingo. Hapo ndipo ningekaza macho. Beseni halijaliua, kwani mizizi ya mimea ya kinamasi ina njia za kupitishia hewa ndani yake. Tatizo ni maji yanayoingia kwa chini tu. Yanapanda na kuvukizwa, chumvichumvi za mbolea na za maji zinabaki juu ya udongo. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa chungu, sababu ni hiyo. Mwaga maji ya beseni, mimina maji safi kwa juu mpaka yachuruzike kwa wingi chini, kisha rudisha chungu kwenye maji mapya yanayofika robo ya kimo chake. Fanya hivyo mara kwa mara, na maji yakianza kunuka usingoje. Mbolea ipunguze, nusu ya kipimo cha kwenye pakiti inatosha.

Hewa kavu nayo hukausha kingo, hasa chungu kikikaa mbele ya feni au kiyoyozi. Mwanga lipe mwingi. Hili si kangaga la vivuli vya msituni.

Mama Shwari
Shikamoo Babu, na ahsante sana. Ukoko mweupe upo kweli, mdomo mzima wa chungu! Naanza leo. Hizo spora naweza kuzipanda?

Babu wa Vyungu
Marahaba. Unaweza. Kata kijani kimoja chenye vumbi, kilaze juu ya karatasi nyeupe mahali pasipo upepo, upande wa vumbi chini. Spora zitadondoka zenyewe. Zinyunyize juu ya mboji uliyoimwagia maji yanayochemka ikapoa, funika kwa kioo, weka penye mwanga bila jua kali. Kwanza utaona utando wa kijani, vipande vidogo vyenye umbo la moyo. Usiukwangue ukidhani ni uchafu! Hapo ndipo mbegu ya kiume huogelea kulifuata yai, kwa hiyo pasikauke kabisa. Vikangaga vyenyewe huchukua miezi kuonekana.

Kinamasi
Jiandae na nafasi pia. Porini majani yake hupita mita 2, na chunguni hujaza mizizi haraka. Likikubana, gawa shina la chini kwa kisu safi, kila kipande kibaki na chipukizi na mizizi.