Re: RP1 imekwama, sina namba ya CN

Mama Salma, Leicester
Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Duka la nguo nililofanya kazi miaka 9 limefungwa Jumamosi. Tuliuza mpaka henga na masanamu ya dirishani. RP1, ile fomu ya kudai serikalini malipo ya kupunguzwa kazi, haiendi bila CN, namba ya kesi wanayotoa wafilisi, na ofisi yao kila nikipiga naambiwa nisubiri. Kuna aliyewahi kuijaza bila hiyo namba? Kodi ya nyumba ni tarehe 1.

Kaka wa Reading
Pole sana dada. Yalinikuta mwaka ule maduka ya BHS yanafungwa, 2009. Jaza tu RP1, na hela ya notisi unadai humo humo.

Bi Mkubwa, Coventry
Mwanangu, usimpotoshe mwenzio. 2009 ni maduka ya Woolworths. BHS ni Agosti 2016, mwaka mmoja na miezi baada ya kuuzwa kwa pauni 1, na watu 11,000 wakakosa kazi. Hela ya notisi ina fomu yake, RP2! Koti langu la kwanza nchi hii nililinunua BHS, la kahawia, vifungo vikubwa. Nilifika Novemba na kandambili. Mpaka leo bitana yake haijachanika. Blauzi za siku hizi ukifua mara mbili mshono umeenda upande, na wateja wote wamehamia kununua kwenye simu.

Kijana wa Leeds
Shikamoo Bi Mkubwa. Simu peke yake hapana. Primark haimpelekei mtu nguo nyumbani na imejaa watu. Topshop ndiyo simu ilimmaliza: Arcadia, kampuni yake, ilianguka Novemba 2020, ASOS wanaouza mtandaoni wakanunua jina, maduka wakayaacha. Na hizo blauzi zinaishia kwetu. Mama yangu anauza mitumba Memorial, Moshi. Zamani belo moja lilimlipia ada, sasa anatoa matambaa ya kudekia.

Kaka wa Reading
Viongozi wetu wa Afrika Mashariki walikubaliana 2016 mitumba iondoke kufikia 2019. Marekani ikatishia kutunyima AGOA, ule mpango wa kuuza kwao bila ushuru, wakarudi nyuma. Rwanda ikabaki peke yake, 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru.

Dada wa Luton
Na wauzaji wa soko la Gikomba, Nairobi, wangekula nini? Msiseme tu. Mitumba ndiyo ilinivalisha nikaenda shule.

Bi Mkubwa, Coventry
Sisi tulivalishwa na fundi barazani, kitambaa cha kiwanda cha Urafiki, anakupima kwa kamba yenye mafundo. Gauni la Idi linavaliwa na wadogo watatu.

Mama Salma, Leicester
Bi Mkubwa, ya RP2 sikuyajua, Mungu akuweke. Wafilisi leo wamesema Jumatatu. Aliyejaza bila CN aniandikie hata usiku, niko macho.