Askari wasamehewe ada ya kusajili gari? Pengo atalijaza nani?

Mpenda Nchi: Wadau, nauliza kwa nia njema kabisa. Kusajili gari hapa Tanzania ilikuwa sh 150,000, bajeti ya 2016/17 ikapandisha hadi 250,000. Wapo wanaosema wanajeshi wasamehewe. Naona wanastahili, lakini tupige hesabu: gari elfu moja tu ni milioni 250. Zinatoka wapi?

Binti Hesabu: Zinatoka kwako. Mmesahau 2017? Rodi laisensi, ile ada ya gari ya kila mwaka, ikafutwa tukashangilia, kumbe sh 40 imepandishwa kwenye kila lita ya petroli, dizeli na mpaka mafuta ya taa. Bibi yangu hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini kila akijaza kibatari alikuwa ananilipia gari langu mimi. Halafu hao jamaa si hata nauli ya daladala hawalipi? Bado tu?

Mtoto wa Kota: "Hao jamaa"? Dada chunga mdomo. Baba yangu kavaa kombati ujana wake wote. Vijana wamerudi kwenye majeneza toka kulinda amani Semuliki kule Kongo Desemba 2017, we unaleta habari za nauli!

Konda Mstaafu: Mdogo wangu tulia. Mimi nimening'inia mlangoni miaka tisa. Nikibeba askari wanne asubuhi ni siti nne hizo, na tajiri jioni anataka hesabu yake kamili, habari za kombati hataki kuzisikia. Siku moja afande mmoja, mama mtu mzima, alinishikisha nauli kiganjani akanikunja na vidole, akasema "na wewe una watoto". Mpaka leo namkumbuka. Heshima tunatoa wote ila mfuko unaotoboka ni wa konda.

Mtu wa Bandarini: Jamani mada ni magari. Hiyo laki mbili na nusu ndogo, ushuru wa forodha 25% na VAT 18% ndo vinaua mtu. Na mkishasamehe, gari ya shemeji itasajiliwa kwa jina la afande, nani atazuia? Maduka ya kambini yalifutiwa msamaha wa kodi 2016, askari wakawekewa posho. Posho angalau unaiona kwenye bajeti.

Binti Hesabu: Ndo ninachosema! Wapewe hela mkononi, iandikwe, tuijue. Mtoto wa Kota, "hao jamaa" nimelifuta, samahani. La nauli silifuti.

Mtoto wa Kota: Samahani nimepokea. Ila mzee wangu alikuwa analipa, kila siku, na kombati yake mwilini. Kaulize makonda wa Gongo la Mboto.

Konda Mstaafu: Gongo la Mboto njia yangu hiyo. Miaka ipi? Alikuwa anashukia kituo gani?