Nyumba ya kununua mlimani Nyasaka: nianze na kazi gani mwenyewe kabla ya vuli?

Karai_Tupu aliandika:

Wakuu, kwema? Nimenunua nyumba ya vyumba vitatu huku Nyasaka, Mwanza, tofali za bloku inchi 6, bati la mawimbi geji 30. Kiwanja kimechongwa mlimani, kwa hiyo ukuta wa nyuma unatazamana na udongo.

Chumba cha nyuma kina unyevu hadi usawa wa goti, rangi inabanduka na ukutani kuna unga mweupe kama chumvi. Jikoni kuna ufa wa mshazari kutoka kona ya dirisha. Bati linavuja sehemu mbili. Soketi ya sebuleni inapata moto nikichomeka pasi.

Nina Jumamosi na Jumapili, mwiko, karai na mikono yangu. Nilipanga nipake rangi na kuweka vigae kwanza, nihamie Septemba mwishoni. Kipi nifanye mwenyewe, kipi nimwachie fundi?

---

Timazi alijibu:

Hongera mkuu. Rangi na vigae viweke kando kabisa, hizo ni kazi za mwisho. Nyumba za milimani hapa Mwanza zinaliwa na maji yanayotoka nyuma. Udongo juu ya jabali ni mwembamba: mvua inazama kidogo, inagota kwenye jiwe, halafu inateremka juu ya jiwe mpaka ikutane na msingi wako. Ndiyo maana ukuta wa namna hiyo unabaki umelowa siku kadhaa baada ya mvua kukatika. Ule unga mweupe ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka kwenye tofali na saruji. Maji yakikauka, yenyewe inabaki.

Hakikisha kwanza. Bandika kipande cha naironi sentimita 50 kwa 50 ukutani, zungushia tepu pande zote nne, acha siku mbili. Umande ukiwa nyuma ya naironi, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumbani, ni hewa nzito ya ndani, fungua madirisha.

Kama ni ukuta, kazi yako ya kwanza ni mtaro wa kukinga maji upande wa mlimani, na huo unauweza. Uweke mita 1 hadi 1.5 kutoka ukutani, upana sentimita 40, kina 50 hadi 60 au mpaka ugonge jiwe. Usichimbe chini ya kitako cha msingi. Mteremko sentimita 1 kwa kila mita. Funga uzi na pima maji, macho yanadanganya sana kwenye mlima. Panga mawe chini na ubavuni, jaza nafasi kwa mota ya 1:4 (saruji moja kwa mchanga nne). Mwisho wa mtaro uingie kwenye mfereji wa barabara. Ukimwelekezea jirani wa chini utaitwa kwa mwenyekiti wa mtaa mvua ya kwanza tu.

Kisha angalia udongo uliorundikana ukutani. Unatakiwa uwe angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu ya ndani. Watu wengi wamepandisha maua na kifusi mpaka juu ya naironi ya kuzuia unyevu inayolazwa kati ya msingi na ukuta, hapo naironi hiyo haina kazi tena. Ukishashusha udongo, mwaga zege la kuzunguka nyumba: upana sentimita 75, unene 7.5, liinamie nje kama sentimita 2. Kwa urefu wa mita 10 andaa mifuko 3 ya saruji. Kipimo ni 1:3:6, yaani kila mfuko wa kilo 50 ndoo 5 za mchanga na 10 za kokoto, ndoo za lita 20. Acha mwanya kila baada ya mita 2, la sivyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia.

---

Rola_Kavu alijibu:

Mbona mnamchosha mwenzenu? Akwangue rangi, apige dawa ya kuzuia maji kwa ndani mikono miwili, apake rangi yake ahamie.

---

Timazi alijibu:

@Rola_Kavu hiyo dawa ukiipaka ndani maji bado yapo nyuma yake yanasukuma. Yatapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, au yatabandua dawa pamoja na lipu. Dawa inakwenda upande yanakotoka maji.

@Karai_Tupu mtaro ukishakamilika ndipo ubomoe lipu ya ndani iliyooza, hadi sentimita 50 juu ya alama ya unyevu. Chumvi ifagie kwa brashi kavu ya waya. Ukiiosha unairudisha ndani ya tofali. Acha ukuta wazi upumue, wiki mbili tatu ukiwa na jua. Kabla ya lipu mpya lowesha ukuta, rusha rashi ya saruji na mchanga 1:2 nyepesi, iache hadi kesho yake. Lipu ni 1:4, unene milimita 15: mfuko mmoja na ndoo 7 za mchanga unafunika kama mita za mraba 8. Usichanganye mfuko mzima kwa mpigo kama bado unajifunza mwiko. Mota iliyokaa zaidi ya saa moja na nusu imwage, usiiongezee maji kuihuisha. Mwagilia asubuhi na jioni siku 7.

Rangi baada ya wiki 4. Saruji changa ni kali, inaunguza rangi ya maji na kuacha mabaka. Kwa hesabu hiyo chumba cha nyuma hakitawahi Septemba mwishoni. Hamia, hicho kibaki kitupu kwanza.

---

Papi_na_Kenchi alijibu:

Kuhusu bati. Mara nyingi tundu halipo pale maji yanapodondokea ndani. Maji hutembea juu ya papi (mbao zinazobeba bati) kabla ya kuanguka. Ingia darini mchana, zima taa, tafuta nukta za mwanga upande wa juu zaidi ya doa. Weka alama kwa kupitisha waya mwembamba.

Chanzo cha kawaida ni msumari ulionyanyuka. Bati linatanuka mchana na kusinyaa usiku, mbao ya papi inakauka, mpira wa chini ya kichwa unapasuka. Usiugonge urudi palepale, tundu limeshapanuka. Ung'oe, weka skrubu ya bati nene kidogo yenye mpira, ipite mgongoni mwa wimbi. Ikipigwa bondeni, maji yote yatapita juu yake. Kaza mpaka mpira ulale. Ukizidisha bati linabonyea na kutengeneza kidimbwi.

Angalia pia mabati yalivyopandiana. Ubavuni yapandiane wimbi moja na nusu hadi mawili, kichwani sentimita 15 na zaidi kama paa limelala. Panda asubuhi bati likiwa la baridi na kavu, kanyaga kwenye mstari wa misumari maana chini yake ndipo palipo na papi, na ngazi awepo wa kuishika.

Ukiwa huko juu pima pia mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 linamwaga karibu lita 1,000, na kama hakuna mfereji zote zinaangukia kwenye msingi huohuo unaouokoa.

---

Dada_Waya alijibu:

Soketi usiitumie tena kuanzia leo. Pasi ya wati 1,000 inavuta ampia 4 na kidogo, soketi ni ya ampia 13. Ikipata moto hapo kuna waya uliolegea kwenye skrubu, au koti lake limeshaungua. Kubadilisha uso wa soketi peke yake hakusaidii ikiwa shaba nyuma imekuwa nyeusi, lazima ikatwe hadi ifike shaba safi. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, na akiwa hapo akague mambo matatu: soketi zimefungwa waya wa milimita za mraba 2.5, ethi (waya wa kwenda ardhini) ipo na inafanya kazi, na sakiti breka inalingana na waya. Kuna nyumba breka ikiruka mtu anaweka kubwa zaidi, inatulia, halafu waya ndio unakuwa fyuzi. Mita ya Luku na lakiri yake ni mali ya TANESCO, usiiguse.

---

Karai_Tupu aliandika:

Asanteni sana, nimeelewa, mtaro kwanza. Mmesahau ufa wangu wa jikoni. Na mchanga: kuna jamaa anauza wa ufukweni kwa bei ya chini, unafaa lipu?

---

Timazi alijibu:

Ufa usiuzibe bado. Chora mstari wa penseli kwenye ncha zote mbili, andika tarehe, pima upana kwa rula, rudia kila wiki mbili hadi vuli ipite. Huku tatizo la kawaida ni msingi ambao nusu imekaa kwenye jabali na nusu kwenye kifusi: jiwe halishuki, kifusi kinashuka. Ukizidi milimita 5, au upande mmoja umetoka mbele kuliko mwingine, tafuta mhandisi kabla ya kutumia shilingi nyingine hapo. Ukibaki kama unywele, mwakani upanue kwa tindo uwe na umbo la V, lowesha, jaza mota ya 1:3.

Mchanga wa ziwani hauna chumvi kama wa baharini, hilo halina shaka. Ila ni laini na chembe zake zinalingana mno, lipu yake hupasuka nyufa ndogondogo, na mara nyingi huja na makombe na majani. Halafu sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au ukingo wa mto, kwa hiyo muulize anauchota wapi. Chukua wa mtoni. Kabla hujalipa jaza chupa inayoonyesha ndani nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kijiko kimoja, tikisa, acha saa tatu. Tope la juu likizidi milimita 6 kwa kila sentimita 10 za mchanga, lori lirudi nao.