Yenidze, Dresden (Ujerumani): kuba na mnara vilikuwa na kazi gani?

Swali: Wadau, Yenidze, kilichokuwa kiwanda cha sigara, kina sura ya msikiti kabisa. Ni pambo tu?

Jibu 1: Hapana, mkuu. Ule mnara ni dohani. Hugo Zietz, mwenye kiwanda, alikijenga 1908–1909, msanifu akiwa Martin Hammitzsch, na karibu na mji mkongwe jengo lenye sura ya kiwanda halikuruhusiwa. Basi bomba la moshi likavishwa umbo la mnara wa adhana. Kuba ni la vioo vya rangi. Likiwashwa taa kwa ndani usiku, lilikuwa likiitangaza tumbaku ya Yenidze, eneo lililokuwa chini ya Waosmani.

Jibu 2: Naongezea: usidanganyike na ukuta wa nje. Mifupa ni zege la nondo. Mapambo ya Kairo, ya mtindo wa Wamamluki (watawala wa zamani wa Misri), yamevishwa tu juu yake.

Jibu 3: Mji wa Potsdam, hukohuko Ujerumani, ulitangulia. Nyumba ya pampu ya msanifu Ludwig Persius, 1841–1843, nayo imeficha dohani ndani ya mnara. Mtambo wa mvuke wa kampuni ya Borsig ulipandisha maji ya mto Havel hadi bwawa la kilima cha Ruinenberg, yakashuka kwa uzito wake kwenye chemchemi za bustani ya kasri la Sanssouci. Kwangu hii ni bora kuliko Yenidze: hata fremu ya chuma ya mtambo ina matao ya Kimoorishi (mtindo wa Waislamu wa Hispania ya kale).