Hita ya Bibi

*Kikundi: WAJUKUU WA LUSHOTO*

Jumatano

19:04 Dada Mwanaidi: Asalaam alaykum wote. Hita ya maji ya Bibi imefika, iko kwa Hamisi. Fundi anafunga kesho saa tatu. Nimeona picha ya mahali anapotaka kuifunga, sijapapenda kabisa. Ndani ya bafu, na mtungi wa gesi humo humo sakafuni. Nataka majibu LEO.

19:05 Dada Mwanaidi: 📷 Picha

19:33 Dada Mwanaidi: Watu 23 mmeona. Mko kimya.

19:40 Shangazi Mariamu: Waalaykum salaam. Bafu limepakwa rangi nzuri mashallah

19:41 Dada Mwanaidi: Shangazi, dirisha liko wapi hapo?

19:52 Hamisi: Tuliliziba na mbao mwezi wa sita. Bibi alikuwa anatetemeka akioga

19:53 Dada Mwanaidi: Si tulichanga hela ya kioo?

19:54 Hamisi: Ya kioo ilienda kwenye bati. Na bati kila mtu anajua liliishia wapi

19:54 Dada Mwanaidi: Hamisi usinianze

19:55 Juma: Bati tena jamani 😂😂

19:56 Dada Mwanaidi: Nisikilizeni. Hiyo hita haina bomba la kutolea moshi. Ikiwaka inakula hewa ya humo bafuni na uchafu wake inautema humo humo. Bafu lenyewe halifiki mita mbili kwa mbili, mlango umefungwa, dirisha mbao. Hewa ikipungua gesi haiungui vizuri, inatoa kaboni monoksidi. Hiyo haina harufu wala rangi. Inaanza na kichwa kuuma, kizunguzungu, miguu inakosa nguvu. Bibi ana miaka 81, ataanguka kabla hajafika kwenye kitasa

20:01 Juma: Mbona gesi inanuka? Mtungi ukivuja mtaa mzima unajua

20:03 Dada Mwanaidi: Ile harufu inatiwa makusudi kiwandani, mtungi ukivuja ujue. Hii nyingine inazaliwa kwenye moto, hakuna wa kuitia harufu. Na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini. Kwa hiyo mtungi nao utoke

20:04 Kassim: Bibi aoge kwa kopo kama sisi. Mnamkumbuka Juma na ile ndoo ya moto 🤣

20:05 Juma: Kovu ninalo mpaka leo

20:05 Kassim: Alipita sebuleni mbio, wageni wamekaa

20:06 Mama Sabra: 🤣🤣🤣🤣

20:09 Dada Mwanaidi: Bibi anafungiwa kesho saa tatu. KESHO.

20:47 Ali Leicester: Samahani nilikuwa kazini. Huku Uingereza sheria ya 1998 inakataza kufunga hita ya gesi bafuni kama inavuta hewa ya humo chumbani. Lazima iwe iliyozibwa, inavuta hewa nje na kutoa moshi nje. Na fundi awe amesajiliwa Gas Safe, ile orodha rasmi ya mafundi wa gesi. Nyumba yetu ya kupanga inakaguliwa kila mwaka

20:51 Hamisi: Huku ni Lushoto bro. Huyu fundi kafunga nyingi na hakuna aliyekufa

20:52 Ali Leicester: Sijasema vibaya

20:53 Hamisi: Kila siku nyie wa mbali mnajua, mimi ndiye nalala na Bibi hapa

21:18 Baba Mkubwa: Shikamoo zenu nimezipokea. Zubeda hakufa kwa homa. Homa ndiyo tuliyowaambia watoto. Alijifungia na jiko la mkaa usiku wa baridi. Mlango niliuvunja mimi. Hakuungua, hakupiga kelele, jirani hakusikia kitu. Chumba kilikuwa na dirisha. Tulikuwa tumeliziba na gunia.

21:20 Shangazi Mariamu: Kaka

21:44 Hamisi: Shikamoo Baba Mkubwa. Mbao naitoa asubuhi

21:46 Dada Mwanaidi: Ahsante mdogo wangu. Lakini mbao peke yake haitoshi. Hita ifungwe nje, ukuta wa upande wa karo, na mtungi nje. Ndani liingie bomba la maji tu. Fundi anataka 45,000 ya nyongeza. Nani?

21:50 Shangazi Mariamu: Mimi 10,000, mwisho wa mwezi

21:58 Ali Leicester: Mimi 20,000 natuma sasa. Na kengele ya kaboni monoksidi nitampa mtu anayekuja Desemba

22:15 Dada Mwanaidi: Bado 15,000. Kassim? Juma?

Alhamisi

07:06 Hamisi: Mbao nimeitoa. Fundi anasema upande wa karo paa ni fupi, mvua itaipiga na upepo utazima moto. Anataka bati la kukinga

07:07 Kassim: Bati 🙈

07:08 Dada Mwanaidi: Asifunge popote mpaka nizungumze naye. Mbona hapokei simu?

07:31 Hamisi: Yuko barabarani anakuja. Bibi anauliza leo anaoga na nini

07:32 Dada Mwanaidi: Mchemshie jikoni. Mlango wa jikoni uwe wazi

11:25 Mama Sabra: Nimeamka sasa hivi. Hita ya nani?