Upasuaji wa diski L5-S1: vyuma lini?

KochaVyuma
Wakuu, mteja katolewa kipande cha diski L5-S1 (ile ya chini kabisa kiunoni, kati ya pingili ya mwisho ya kiuno na mfupa wa nyonga ya nyuma), hakuwekewa skrubu za kuunganisha pingili. Yuko wiki ya 5, kidonda kimefunga, mguu hauumi tena. Daktari karuhusu "mazoezi mepesi". Mepesi ndiyo yapi?

FizioPwani
Kutembea kwanza: dakika 30 kwa siku, hata akizigawa mara tatu. Kisha mazoezi ya kushikilia, siyo ya kukunja. Apige magoti, viganja chini, anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa sekunde 8 hadi 10, abadilishe. Mlazie fimbo ya ufagio kiunoni; ikidondoka, kiuno kinazunguka, basi mguu usinyooke wote.

Sit-up (kulala chali na kuinua kiwiliwili) asahau. Ukuta wa diski una tundu pale kilipochomoka kipande, na huunga polepole kwa kuwa damu inayofika pale ni kidogo mno. Kuinama huku unajipinda na mzigo mkononi ndiko kunakosukuma kipande kingine nje.

Nyonga_Kwanza
Asubuhi awe mwangalifu zaidi. Usiku diski hunyonya maji ikajaa, kwa hiyo kuinama saa ya kwanza baada ya kuamka huibana kuliko kawaida. Halafu mnaiogopa jimu bure, hatari iko nyumbani: ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na maji yanachezacheza. Beseni la kufulia lipande mezani.

KochaVyuma
Na kunyanyua chuma toka sakafuni?

FizioPwani
Kwa kawaida si kabla ya wiki ya 12, na daktari wake aafiki. Aanze na fimbo tupu, akunje nyonga, mgongo ubaki umenyooka. Baadaye chuma tupu cha kilo 20 juu ya matofali, kifike chini kidogo ya magoti. Ongeza kilo 2.5 tu kwa wiki. Mgongo ukiuma kidogo ukapoa ndani ya saa 24, endeleeni. Maumivu yakishuka mguuni, punguza. Ganzi sehemu za siri, mkojo kugoma au kumtoka, unyayo kushindwa kuinuka: hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane.

Nyonga_Kwanza
Wenye skrubu wasifuate ratiba hii. Pingili kuungana huchukua miezi mingi, na sigara huchelewesha mfupa kushika.