MJADALA: Mwanafunzi Mkristo anayekaa kimya wakati wa wimbo wa taifa, tumwache au tumbane?

Mwalimu wa Chaki (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi. Naomba tujadili bila matusi, maana nimechoka kusikia matusi kwenye kikao cha walimu.

Mimi ni Mlutheri. Wimbo wa taifa naimba, na nikiusikia nikiwa ugenini nywele zinasisimka. Shuleni kwetu tuna watoto watatu wa kidato cha pili ambao ni Mashahidi wa Yehova. Asubuhi mstarini wanasimama wima kama wenzao, mikono ubavuni, macho kwenye bendera, midomo imefungwa. Hawachezi, hawanong'oni, hawacheki. Wimbo ukiisha wanaitikia salamu ya mwalimu wa zamu na kuingia darasani. Wenzangu nusu wanataka wapewe barua za kusimamishwa masomo. Mimi nimesema waachwe, na tangu siku hiyo naitwa wakili wa madhehebu.

Kisheria sioni cha kubishania. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda uhuru wa dhamiri na imani. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya, iliamua rufaa ya wanafunzi 127 wa imani hiyohiyo waliokuwa wamefukuzwa au kusimamishwa kwa kutoimba. Mahakama Kuu ilikuwa imewagomea. Mahakama ya Rufani ikawapa haki: haikuona sheria inayomshurutisha mwanafunzi kuimba, na ikakataa kuhesabu ukimya wa heshima kuwa ni dharau.

Kinachoniuma ni kwamba wanaodai barua zile wengi ni Wakristo wenzangu, na silaha yao ni Warumi 13, kila mtu aitii mamlaka iliyo kuu. Sawa. Lakini Petro na wenzake walipokatazwa na Baraza kuhubiri walijibu kwamba imewapasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, na Paulo huyohuyo wa Warumi 13 alisimama mbele ya liwali Feliki akasema anajizoeza kuwa na dhamiri isiyo na hatia mbele za Mungu na mbele ya watu. Mbele ya wote wawili, angalieni.

Kipimo changu ni hiki: gharama anailipa nani? Mtoto anayenyamaza anailipa mwenyewe. Anazomewa, ananyimwa uongozi, anachapwa. Jirani yake hapungukiwi kitu. Ingekuwa muuguzi anayekataa kumhudumia mgonjwa kwa kisingizio cha dini, ningesema mengine kabisa. Karibuni.

Kamanda Mstaafu

Mwalimu, umeandika vizuri ila umekosea pa kuanzia. Nchi hii ina makabila zaidi ya 120. Kilichotufanya tuitane ndugu ni vitu vichache tulivyofanya pamoja tangu utotoni: Kiswahili, mchakamchaka, bendera, na huo wimbo. Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa kila siku, mbona dhamiri yake haikumkataza?

Halafu wimbo wenyewe ni sala! Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti huko Afrika Kusini, aliutunga mwaka 1897 kama wimbo wa dini. Tunamwomba Mungu atubariki. Mkristo anayekataa kusema "Mungu ibariki Afrika" ana tatizo na nani hasa?

Na usiniambie dhamiri ya mtoto wa miaka 14. Hiyo ni amri ya baba yake.

Mpita Njia 77

Wimbo wenyewe dakika moja. Waimbe yaishe tukajadili bei ya mbolea.

Baba wa Wawili

Shikamoo Kamanda. Mimi ni mmoja wa hao wazazi mnaowasema, ingawa wanangu hawako shule ya mwalimu.

Umesema wimbo ni sala, na hapo ndipo tunapokwamia. Sala kwetu ni ibada, na ibada hatuichanganyi na utukufu wa taifa lolote, liwe Tanzania, Marekani au Israeli. Kodi tunalipa. Sheria tunatii. Bendera ikipanda tunasimama, wala hakuna Shahidi anayefundishwa kuichana au kuikalia. Tunachoomba ni mdomo tu uachwe.

Hili kwetu si jambo la kusoma vitabuni. Mwaka 1965 serikali yetu ilitupiga marufuku hapa Tanzania. Kule Malawi, wakati wa Kamuzu Banda, ndugu zetu waligoma kununua kadi ya chama tawala. Mwaka 1972 mkutano wa chama ukapitisha maazimio dhidi yao, wakapigwa, nyumba zikachomwa, maelfu wakavuka kwenda Zambia na Msumbiji. Kwa kadi ambayo bei yake hata maskini angeimudu. Watu wakawauliza swali lilelile la Mpita Njia: si ununue tu yaishe?

Binti Sayuni

Baba wa Wawili, nakuheshimu, ila jibu na hili. Mwanao akisema kesho, "Baba, mimi dhamiri yangu inaniruhusu kuimba," utafanya nini? Na akishabatizwa, kusanyiko litamfanya nini? Nina rafiki alitoka kwenu, nyumbani kwao hawakai naye meza moja mpaka leo. Dhamiri inayolindwa na hofu ya kutengwa na ndugu nayo imeshurutishwa, ila mshurutishaji amevaa tai badala ya gwanda.

Baba wa Wawili

Swali la haki, dada. Mwanangu akiimba sitamchapa, nitakaa naye tuongee. La kutengwa siwezi kulikana, lipo, na linaumiza pande zote mbili. Ila tofautisha: kanisa lolote lina masharti ya uanachama, hata lenu. Serikali ni ya wote, huwezi kutoka ndani yake ukahamia nyingine mtaa wa pili.

Binti Sayuni

Mama yako nawe huwezi kuhamia mwingine mtaa wa pili. Lakini tuliache, si mada ya mwalimu.

Wakili Uchwara

Mwalimu, hukumu ya Mbeya naikubali, lakini kipimo chako cha gharama kina tundu.

Kwanza nikusaidie. India mwaka 1986 Mahakama ya Juu iliwarudisha shuleni ndugu watatu wa Kerala waliokuwa wanasimama bila kuimba, hali ileile ya watoto wako. Marekani walianza vibaya. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ilisema shule inaweza kumlazimisha mtoto kuisalimu bendera, Mashahidi wakashambuliwa sehemu nyingi za nchi ile, na mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, mahakama hiyohiyo ikajipindua. Kwa jirani zetu Zambia ilikuwa kinyume: mwaka 1967 Mahakama Kuu iliunga mkono shule iliyomsimamisha msichana kwa sababu hiyo.

Sasa tundu. Chukua Wasabato. Hawafanyi mtihani Jumamosi. Makerere waliwaambia ratiba ni ratiba, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Uganda, na mwaka 2006 Wasabato wakashindwa. Kenya mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikaenda njia nyingine, ikasema wanafunzi Wasabato waruhusiwe kupumzika siku yao. Ona ugumu: chuo kikipanga mtihani wa pili kwa ajili yao, kuna mhadhiri atatunga maswali mengine, kuna msimamizi atalipwa, kuna hatari ya kuvuja. Gharama imeshamgusa jirani. Kwa kipimo chako Msabato apewe sifuri?

Na nyongeza ya Biblia, kwa kuwa mmeifungua. Soma 2 Wafalme 5. Naamani, jemadari wa mfalme wa Shamu, ameshaponywa ukoma, ameshamkiri Mungu wa Israeli, lakini anamwambia Elisha: bwana wangu akiingia hekaluni mwa Rimoni, mungu wa kwao, akiegemea mkono wangu, nami itanibidi niiname, Bwana anisamehe kwa hilo. Nabii hakumkaripia. Alimwambia aende kwa amani. Kumbe kuna kuinama kwa mwili ambako Mungu anakuelewa. Kwa nini watoto wasiimbe kwa mdomo tu?

Mwalimu wa Chaki (mleta mada)

Wakili, umenibana, na kwa Wasabato nakubali kipimo changu peke yake hakitoshi. Niseme hivi: mzigo mdogo kwa jirani unavumilika, mzigo unaomnyima haki yake hauvumiliki. Mtihani wa pili ni usumbufu. Mgonjwa kuachwa bila huduma ni madhara. Katikati pale mahakimu wenyewe wanapishana, kama ulivyoonyesha, wala sidhani tutapamaliza hapa.

Naamani nampenda sana, na sishangai umemtaja. Ila msamaha ule aliuomba mwenyewe, kwa nafsi yake, kwa kazi yake. Hakuna nabii aliyetumwa kwa Shadraka, Meshaki na Abednego kuwaambia, "Mbona Naamani aliinama?" Biblia hiyohiyo ina mtu aliyeinama akaambiwa aende kwa amani, na vijana watatu waliogoma kuisujudia sanamu wakatupwa tanuruni. Paulo naye alikuta kanisa Korintho linagombana juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu. Yeye binafsi hakuona shida na nyama, sanamu si kitu, lakini hakumruhusu mwenye nguvu amlazimishe mwenye wasiwasi ale. Mimi ndiye mwenye nguvu kwenye habari hii ya wimbo. Naimba. Ndiyo maana nanyamaza juu ya asiyeimba.

Kamanda, kuhusu umri: darasa hilohilo la miaka 14 tunalipeleka kipaimara, mtoto anasimama mbele ya kanisa zima anaahidi kumkana shetani na kazi zake zote. Hapo hatuulizi kama ni amri ya baba.

Mama wa Masijala

Nimesoma kimyakimya, leo niseme.

Mimi ni mlokole na ni mtumishi wa umma, ofisi sitaitaja. Zamani nilikuwa upande wa mipango. Ilikuwa inaletwa karatasi ya mahudhurio ya semina, siku nne, majina yameshachapwa, wewe unasaini kwenye kisanduku mbele ya jina lako na kila siku kalamu ya rangi tofauti ili ionekane kweli. Semina haikuwepo. Wiki hiyo wote tulikuwa ofisini tunapigwa na feni. Posho inaingia, sehemu inarudi juu. Nilipogoma kusaini, aliyekuja kunibembeleza ni mzee wa kanisa, mtu anayeomba mpaka machozi. Akaniambia, "Mama, Warumi 13. Bosi ni mamlaka." Nimekaa masijala tangu hapo, napanga mafaili.

Kwenye sherehe za kitaifa ofisi yetu inaimba wimbo huo kwa sauti nne, mnasikia mpaka ng'ambo ya barabara. Waliosaini wote wanaimba.

Kwa hiyo Kamanda, mimi naimba, na napenda watoto wote waimbe. Lakini mtoto aliyejifunza kidato cha pili kusema "hapana" kwa adabu, akakubali maumivu yake, huyo siku moja akiletewa karatasi ile natumaini ataijua ni nini. Mnayemfundisha kufungua mdomo kwa woga wa kiboko, huyo atasaini.

Mpita Njia 77

Mama umenikata maini. Bei ya mbolea isubiri.

Kamanda Mstaafu

Mama, shikamoo yangu kwako, na mimi sitoi shikamoo ovyo. Kwa hayo ya semina hewa, hao wote ningewaweka ndani.

Lakini bado. Umeleta mtu aliyegoma kuiba, na kuiba ni kosa kwenye dini zote na kwenye sheria. Kukataa wimbo ni tafsiri ya dhehebu moja. Nikikubali kila tafsiri iwe na nguvu ya dhamiri, kesho atakuja anayesema imani yake inakataza mwanawe kuchanjwa, na kile kipimo cha gharama kwa jirani tutakikumbuka wakati surua imeshaingia bwenini. Barua za kusimamishwa naziondoa, mwalimu, mahakama imesema na mimi ni mtu wa sheria. Ila uongozi wa wanafunzi wasipewe. Kiranja ndiye anayeanzisha wimbo.

Wakili Uchwara

Kiranja wa usafi haanzishi wimbo, Kamanda.

Mwalimu wa Chaki (mleta mada)

Chanjo nipo na wewe Kamanda, hiyo imeshavuka kwa jirani. Ukiranja nitaupeleka kikaoni kama alivyosema Wakili: wapewe usafi, maktaba, chakula, kila nafasi isiyohusika na paredi. Na wasimame kwenye mistari yao ya kawaida, maana kuna mwenzangu alishapendekeza watengewe mstari wao pembeni, jambo ambalo ni adhabu kwa jina lingine.

Ila kuna jipya, na hapa nahitaji hasa maoni ya Baba wa Wawili. Mwenge wa Uhuru utapita wilayani kwetu, na shule yetu imepangiwa kuupokea kwa nyimbo na halaiki barabarani. Halaiki huwezi kusimama kimya katikati, unaharibu umbo la wenzako. Mkuu wa shule anasema wote watatu washiriki, bila majadiliano. Nikiwaombea wabaki darasani siku hiyo, nimewatenga au nimewasaidia?